Spika za Sebuleni: Tulivyopima Ukubwa, Uzuri na Sikio la Mama



Katika nyumba nyingi za mwambao limo sanduku ambalo halitupwi hata nyumba ikisafishwa mara ngapi. La kwetu ni kopo la biskuti lenye kanda 31. Ndani ya kanda hizo marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, anasomesha darasa la Ramadhani nyumbani baada ya sala ya Alasiri. Alijirekodi mwenyewe katika miaka ya 1980 kwa redio ya kaseti aliyoiweka juu ya mto, feni ikizunguka juu ya kichwa chake. Mwaka uliopita mjukuu wake alizihamishia kanda zote kwenye kompyuta, nasi tukamwita mama aje asikilize kwa spika za televisheni, zile zenye wufa kubwa inayokaa chini ya meza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, namsikia baba yenu ananguruma. Sisikii neno analolisema."

Maneno hayo yalituchoma. Sisi ni ndugu wanne. Wawili tuko Mombasa pamoja na mama katika nyumba ya Mji wa Kale, kaka yetu yuko Dubai, na dada yetu mkubwa yuko Uingereza. Tukakata shauri tuchange fedha, tumnunulie mama spika za hali ya juu. Tulidhani kazi ngumu ni kuzipata fedha, kumbe ngumu zaidi ilikuwa kukubaliana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na spika yake moyoni. Kaka alitaka minara miwili ya mbao iliyong'arishwa, mirefu kama mtoto wa miaka kumi. Dada alizisifu spika bapa alizowahi kuzisikiliza kwa jirani yake huko ughaibuni. Shemeji yetu, ambaye kazi yake ni kufunga vyombo vya sauti misikitini, alishikilia kuwa hakuna kama spika za pembe. Naye shangazi, aliyekuwa akiyasikiliza mabishano yetu kwa utulivu, aliuliza swali moja tu: "Spika za bei ya gari, na ndani ya mtaa huu kuna watoto waliofukuzwa shule kwa karo?"

Wiki tatu tulizozitumia kulijibu swali la shangazi na lile la mama zimetufunza mengi. Tumeona si vyema kuyafungia nyumbani, kwani vyombo hivi sasa vimeingia katika maduka yetu, na vijana wetu wanarudi navyo kutoka ng'ambo. Nyumba yenye nia ya kununua na ipime kwanza.

Swali moja, majibu manne

Spika yoyote, ya bei ndogo au ya bei kubwa, ina kazi moja: kuisukuma hewa mpaka ifike sikioni. Nyingi tulizo nazo leo zinafuata mfumo ulioelezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Waya uliozungushwa huwekwa ndani ya sumaku na kugandishwa kwenye koni nyepesi. Umeme wa sauti upitapo katika waya, sumaku huuvuta na kuusukuma, koni ikatikisika, nayo hewa ikatikisika pamoja nayo.

Lakini koni inapokwenda mbele, upande wake wa nyuma unavuta. Hewa iliyosukumwa mbele ikiachwa ikutane na ile iliyovutwa nyuma, sauti nene zinafutana, usisikie ila vijisauti vyembamba. Basi mafundi wote wamekuwa wakilijibu swali lile lile: sauti ya nyuma ifanywe nini? Ukilifahamu swali hili, muuzaji hatakuzungusha kwa majina makubwa, kwa sababu aina nyingi za spika ghali ni majibu tofauti ya swali hilo.

Jibu la kwanza ni kuifungia. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, Marekani, alionyesha kuwa hewa iliyofungwa ndani ya kasha lisilo na upenyo inaweza kuwa kama springi ya kuirudisha koni. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma. Utaihisi hewa ikikurudisha. Kasha la namna hii hutoa sauti nene inayoanza na kukoma kwa wakati wake, haibaki ikivuma, na huko chini kabisa hupungua polepole. Gharama yake ni kwamba linataka umeme mwingi zaidi kwa sauti ile ile, na likiwa dogo halina uwezo wa kutetemesha ukumbi.

Katika kundi hili imo spika ndogo mashuhuri iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa na idara ya utafiti ya BBC katika miaka ya 1970. Wahandisi walihitaji kitu cha kuingia ndani ya gari la matangazo, ambamo hamna nafasi, ili wahakikishe kuwa sauti ya mtangazaji inatoka ilivyo. Urefu wake ni kama sentimita 30 tu. Kwa sauti ya binadamu watu wanaisifu hadi leo. Haina sauti nene ya chini, wala haitaki kupigishwa makelele.

Jibu la pili ni kuitolea sauti ya nyuma tundu maalumu. Albert Thuras wa maabara ya Bell alipewa hataza ya kasha la namna hii mwaka 1932. Kila mtoto anayajua maarifa haya: ukipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda, chupa inalia kwa sauti nene kuliko pumzi yako. Tundu la spika hulia vivyo hivyo, likaisaidia koni pale inapokuwa dhaifu. Baadaye Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small katika miaka ya 1970, waliwaachia mafundi hesabu za kulipima tundu hilo barabara. Minara mingi ya sebuleni, pamoja na ile aliyoitaka kaka, ni ya aina hii. Faida yake ni sauti nene nyingi bila ya kasha kuwa kubwa mno na bila ya kutaka umeme mwingi. Kasoro yake ni ile ya chupa: pumzi imekwisha, lakini mlio bado haujatulia. Ukiisukuma spika yenye tundu la nyuma mpaka ikaribie ukuta, mlio huo unazidi.

Jibu la tatu ni kuiacha sauti ya nyuma iende zake. Mwaka 1957, mwaka ule ule BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, kampuni ya Quad ya Uingereza ilileta sokoni spika isiyokuwa na koni wala kasha, iliyobuniwa na Peter Walker. Ndani yake mna utando mwembamba mno wa plastiki uliotandazwa kati ya mabamba yenye matundu, ukiwa umetiwa umeme wa maelfu ya volti. Utando wote hutikisika kwa pamoja, na kwa kuwa hauna uzito wa kutajika, unaianza na kuikomesha sauti papo hapo. Mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, Jim Winey alianzisha kampuni ya Magnepan, inayounda spika bapa za namna nyingine: utando uliobandikwa waya mbele ya safu za sumaku, bila ya volti kubwa. Dada yetu anasema mbele ya spika hizo mtu huisahau spika, akamwona msemaji. Hatumkatalii. Lakini ni bapa zenye ukubwa wa mlango, zinatoa sauti mbele na nyuma sawasawa, kwa hivyo hazina budi kukaa mbali na ukuta, kama mita moja hivi. Zinataka amplifaya yenye nguvu, hazipendi kelele, na anayefaidi kikamilifu ni yule aliyekaa mahali pake palipopangwa. Waliokaa pembeni wanapata makombo.

Jibu la nne halianzii nyuma, linaanzia mbele: koni ndogo iwekwe kwenye koo la pembe inayopanuka. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari ya pembe. Mbiu ya mgambo ilikuwa pembe, na siwa za Pate na Lamu zilipulizwa katika sherehe za wakubwa mji mzima ukasikia. Pembe za minarani nazo hufikisha adhana mbali kwa umeme mdogo. Kwa matumizi ya nyumbani, Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alianza mwaka 1946 kuuza spika kubwa ya pembe iitwayo Klipschorn, yenye kimo cha yapata mita 1.3, inayokaa katika kona ili kuta mbili za chumba ziwe sehemu ya pembe yenyewe. Kwa wati moja tu, ukisimama mita moja mbele yake, hutoa kiasi cha desibeli 105. Ile spika ndogo ya BBC hutoa kiasi cha 83. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila desibeli 10 ni umeme mara kumi, kwa hivyo ndogo ingetaka zaidi ya wati 100 kuifikia kubwa, na haiwezi kuzistahimili. Hiyo ndiyo hoja ya shemeji, na ni hoja nzito. Upande wa pili ni kuwa pembe zinataka chumba kikubwa na kona mbili safi, na baadhi yake zinaipa sauti ya mtu harufu ya bati.

Ziko pia spika zenye amplifaya ndani yake, ambazo siku hizi hupangwa kwa kompyuta ndogo ili ziendane na chumba. Zinapunguza nyaya na msongamano. Lakini kikiharibika kijisehemu cha ndani, spika nzima inanyamaza, na fundi wa kuifungua si kila mtaa anapatikana.

Hakuna masika yasiyo na mbu. Katika aina zote hizi hatukuona hata moja iliyokuwa mbaya, wala hata moja isiyokuwa na inachokinyima.

Chumba chetu kilikuwa na neno lake

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyetuuliza ni chumba. Nyumba za zamani za mwambao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana sebule nyingi za kale ni ndefu na nyembamba. Yetu ina upana wa kama mita 2.9. Sauti yenye mitikisiko takriban 60 kwa sekunde, ikitoka ukuta mmoja hadi wa pili na kurudi, inajikuta imekutana na mwenziwe, basi inakwama hapo na kuvimba. Ukikaa karibu na ukuta unaisikia imezidi. Ukikaa katikati imepotea.

Sauti ya mwanamume mzima inapozungumza huanzia kiasi cha mitikisiko 85 hadi 180 kwa sekunde, na ya mwanamke 165 hadi 255. Konsonanti, ambazo ndizo zinazolitenga neno na neno, ziko juu zaidi, kwenye maelfu. Basi huko chini ambako minara hujivunia kufika, katika kanda za baba hamkuwa na baba. Mlikuwa na feni, mlikuwa na mvumo wa umeme wa 50 kwa sekunde, na mtikisiko wa mto ulioshika redio. Wufa yetu ya televisheni ilikuwa ikiyakuza hayo yote kwa bidii, na neno likazama. Mama hakukosea aliposema anasikia mngurumo.

Kuta za chokaa na sakafu tupu nazo zinairudisha sauti nyembamba kama mpira. Tulitandika zulia mbele ya spika, tukaweka mito mikubwa ukutani na pazia zito dirishani, na kabla ya kununua chochote maneno yakaanza kusikika vizuri kidogo. Tunamshauri kila mmoja aanzie hapo, maana zulia na pazia huenda mnavyo tayari.

Chumvi, umeme na watoto

Pwani yetu ina hewa ya chumvi na unyevu, na vyombo hivi vingi vilibuniwa katika nchi kavu na baridi. Spika nyingi za zamani zina ukingo wa sponji unaoizunguka koni. Sponji hiyo huoza na kumeguka baada ya miaka kadhaa, na joto na unyevu huiharakisha. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Ukinunua spika iliyotumika, ibonyeze sponji yake taratibu kwa kidole. Ikibaki unga kidoleni, umeokoka. Spika bapa za volti kubwa huvuta vumbi, na vumbi likichanganyika na unyevu, umeme hupenya pasipotakiwa. Hazifai pia pale penye watoto wanaopenda kuchomeka vijiti katika kila tundu. Tena umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Chombo cha bei kubwa kisichokuwa na kinga ya umeme kimewekwa rehani.

Hatukumsahau jirani. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini sauti nene hupita ukutani na sakafuni hadi kwenye mto wa mtu aliyelala. Nyumba zetu zimegusana, na upande wa pili wa ukuta wetu alikuwapo mzee mgonjwa. Dini yetu imetuhimiza haki ya jirani kwa mkazo ambao hautuachii udhuru. Wufa kubwa katika nyumba iliyojitenga Nyali si sawa na wufa hiyo hiyo katika Mji wa Kale.

Jaribio la usiku mmoja

Kaka alipokuja likizo, tuliamua kuacha maneno. Rafiki yake alituazima minara yake. Shemeji alileta spika mbili za pembe za ukumbini. Muuzaji mmoja alikubali tujaribu kwa siku saba jozi ya makasha madogo yaliyofungwa. Spika bapa hatukuzijaribu, kwa kuwa chumba chetu chembamba kisingeweza kuziachia nafasi nyuma yake, na dada alikubali kwa roho safi.

Tulizisawazisha kwa programu ya simu inayopima desibeli, maana sikio huipendelea iliyo juu hata kama tofauti ni ndogo, na kwa hila hiyo spika nyingi zimeuzwa. Tukachagua dakika tano za kanda moja. Mama alifumba macho, akawa anarudia kila sentensi aliyoisikia, nasi tunaandika.

Pembe zilimfikishia maneno mengi, lakini zilikuza na mchakacho wa kanda hata akawa anakunja uso. Minara ilijaza chumba, kaka akatabasamu, lakini feni iliamka upya na mama akapoteza sentensi tatu. Makasha madogo hayakumshangaza mtu. Yalikuwa kama mtu aliyekaa katika kiti anazungumza. Mama alirudia karibu kila sentensi. Kwa kuwa kanda zile ni mono, tulijaribu pia kuwasha moja tu ya jozi, tukaiweka mkabala wake kwa kimo cha sikio la mtu aliyekaa kwenye busati, si la aliyekaa kwenye kochi. Maneno yakatulia zaidi, kwani sasa yalitoka mahali pamoja, kama baba alivyokuwa akikaa.

Lakini lilibaki jambo. Baba alisema "thamani ya mtu", mama akarudia "samani ya mtu", akacheka mwenyewe kwa kuwa halikuleta maana. Tukarudisha. "Samani." Tukabadilisha spika, tukarudisha tena. Minara, pembe, makasha: "Samani." Wote wengine tulikuwa tukiisikia "th" waziwazi.

Hapo kaka aliizima amplifaya. Hakusema neno kwa muda, na sisi tulijua anafikiri nini.

Tulikuwa tumeipima kila spika, hatujalipima sikio

Umri unapokwenda, sikio huanza kupoteza sauti za juu. "S", "th", "f" na "sh" zina sehemu kubwa ya umbo lake huko juu, kwa hivyo mtu anaendelea kusikia kwamba fulani anazungumza, lakini herufi zinamchanganya. Katika usomaji wa Qur'ani, ambamo sini, sadi na tha ni herufi tatu mbalimbali, msikilizaji mzee aliyeisoma tangu chuoni huijaza herufi kwa kumbukumbu, na wa nyumbani wasijue kuwa haisikii tena. Mama alikuwa akijaza hivyo kwa miaka. Kwa darasa la baba, ambalo hakulihifadhi, hakuwa na la kujazia.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa masikio. Kipimo kilichukua muda usiozidi saa moja, na kilionyesha tulilolihofu: sauti za chini anazisikia vyema, za juu zimeshuka katika masikio yote mawili. Akashauriwa vifaa vya kusaidia kusikia. Bei yake ilitufanya tutazamane, kwani ilikaribia ile tuliyokuwa tumeitenga kwa spika.

Kaka ndiye aliyesema kwanza: "Minara basi." Fedha nyingi zikaenda masikioni mwa mama, na zilizosalia zikanunua ile jozi ndogo na amplifaya ya kiasi. Spika moja iko sebuleni mbele ya busati lake. Ya pili iko chumbani mwake, anasikiliza tilawa kabla ya kulala kwa sauti ya chini kabisa. Kilichobaki, kwa rai ya shangazi, kilikwenda kwenye karo ya mtoto mmoja wa mtaani.

Tuongeze neno kwa ajili ya vijana. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa kwa mtu mzima sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda wa salama nusu. Spika yenye uwezo wa kufika desibeli 105 ni neema mikononi mwa mwenye busara, na ni hasara mikononi mwa kijana aliyeachiwa nyumba siku ya Jumamosi. Sikio likishapotea kwa kelele halirudi.

Kwa mwenye nia ya kununua

Hatusemi spika ndogo ndiyo bora kwa kila nyumba. Nyumba yenye ukumbi mpana, familia kubwa inayokutana humo, na jirani aliye mbali, minara yenye tundu itawafaa na hawatajuta. Mwenye chumba kikubwa chenye ukavu, asiyekuwa na watoto wadogo, anayependa kukaa peke yake kusikiliza, spika bapa zitampa raha ambayo kasha haliwezi kuitoa. Mwenye amplifaya dhaifu na kona mbili safi, pembe zitamlipa. Lakini jiulizeni kabla ya kutoa fedha: tutasikiliza nini hasa, sauti ya mtu au mengineyo? Chumba chetu kina upana gani, na ukuta uko umbali gani? Nani atakaa mbele yake, na sikio lake likoje? Nani yuko upande wa pili wa ukuta? Ikiharibika, fundi yuko wapi? Kisha ombeni mjaribu nyumbani kwenu, kwa sauti mnayoijua, msijaribu dukani kwa kanda ya muuzaji. Anayekataa mjaribu, mwacheni na spika zake.

Wiki ya pili baada ya mama kuvizoea vifaa vyake, tulikaa naye baada ya Alasiri tukaiweka kanda ya saba. Baba alifika kwenye lile neno. "Thamani," mama alirudia, bila ya kuulizwa. Aliendelea kusikiliza, kisha akainua mkono tunyamaze. Nyuma ya sauti ya baba, mbali, ilikuwapo sauti kavu ya kukwaruza, inakwenda na kukoma, inakwenda na kukoma. Sisi tulidhani ni kanda imechakaa.

"Hiyo si kanda," alisema mama. "Huyo ni mimi, uani, nakuna nazi ya futari."